Kabaidi haina kazi kwenye tenga la ndizi

Ndizi ikishakatwa mgombani bado ni hai. Inavuta oksijeni, inatoa kaboni dioksidi, na ndani ya kila seli vimeng'enya vinaendelea na kazi. Anayeielewa kazi hiyo anaweza kuivisha shehena nzima kwa siku chache bila kumdhuru mtu. Asiyeielewa hukimbilia kabaidi, kemikali ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huitumia kupata gesi yao. Malalamiko juu ya matunda yaliyoivishwa kwa kabaidi yamekuwapo kwa miaka mingi, na kila yanapozuka lawama humwangukia mchuuzi. Lawama hizo zinaacha nusu ya jambo.

Tunda lililokomaa likiwa bado bichi limejaa wanga. Katika ndizi aina ya Cavendish, inayotawala biashara ya kimataifa, wanga huwa kama sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake. Likiiva hubaki asilimia moja au mbili tu, kwa sababu vimeng'enya kama amilasi vimeuvunja wanga huo kuwa sukari. Vingine huyeyusha pektini inayozishikanisha seli, tunda likalainika, na vingine tena huondoa klorofili ya ganda hadi umanjano ukajitokeza. Kazi zote hizo husubiri amri moja: gesi ya ethilini, ambayo tunda hujitengenezea lenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ili kutengeneza ethilini, seli hupitia kimeng'enya kiitwacho ACC sinthasi, kinachotengeneza kemikali ya ACC, kisha kingine, ACC oksidasi, kinachohitaji oksijeni ili kifanye kazi. Kile cha kwanza ndicho kinachoamua kasi. Katika ndizi mbichi huwa kidogo mno, na hata kinachotengenezwa huvunjwa upesi. Lakini ethilini kidogo ikilifikia tunda lililokomaa, seli huanza kukizalisha kwa wingi, gesi inaongezeka, na gesi hiyo inachochea kimeng'enya zaidi. Mwendo huo ukishaanza haurudi nyuma. Ndiyo sababu ndizi moja mbivu huweza kuamsha tenga zima, na ndiyo sababu embe, papai na parachichi huvundikwa wakati chungwa na nanasi, yasiyo na mwendo huo, hayavundikiki.

Gesi hiyohiyo hutawala hata ukuaji wa mche. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Urusi, Dimitry Neljubow, alionyesha kuwa ethilini iliyovuja kutoka kwenye gesi ya taa ndiyo iliyofanya miche ya njegere iliyooteshwa gizani iwe mifupi, minene na iliyopinda. Mche uliobanwa chini ya udongo mgumu huongeza ethilini, seli za shina zikatanuka kwa upana badala ya urefu, na shina likapata nguvu ya kusukuma. Ilikuwa 1934 ambapo Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matunda yenyewe hutoa gesi hii, na 1979 ambapo Douglas Adams na Shang Fa Yang, huko California, waliitambua ACC kuwa ndiyo inayogeuzwa kuwa ethilini.

Wakati huo wote, wapishi wa pombe za ndizi, lubisi kule Kagera na mbege kule Kilimanjaro, walikuwa wakiivisha ndizi zao kwa majani, joto na moshi. Mfuniko huzuia gesi isitawanyike, joto huharakisha vimeng'enya, na moshi wa kuni nao una ethilini ndani yake. Huu ni ujuzi kamili, nao unastahili kufundishwa shuleni pamoja na kemia yake.

Kabaidi hufanya nini basi? Ikikutana na unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini lakini kwa nguvu ndogo mno. Ile inayouzwa madukani huwa na masalia ya aseniki na fosforasi, na kinachobaki baada ya gesi kutoka ni chokaa kali inayochoma ngozi. Anayeumia kwanza ni kijana anayeifunga kwenye karatasi kwa mikono mitupu na kulala karibu na mzigo. Mlaji naye hupewa ganda la manjano lenye nyama ngumu isiyo na utamu, kwa sababu mara nyingi ndizi hiyo ilikatwa changa, kabla seli zake hazijawa tayari kuitikia amri yoyote.

Na joto nalo lina sehemu yake. Cavendish ikiivia kwenye joto linalopita nyuzi 24 hivi za Selsiasi, nyama hulainika huku ganda likikataa kuacha ukijani. Chini ya nyuzi 13 huungua kwa baridi na ganda kuwa jeusi. Mchuuzi wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na chumba chenye ubaridi wa kiasi anashindana na hali ya hewa, na mnunuzi anaangalia ganda.

Kwa hiyo katazo peke yake halitoshi. India imepiga marufuku kuivisha matunda kwa gesi ya kabaidi, lakini pia imeruhusu ethilini kwa kiwango kisichozidi sehemu 100 kwa milioni za hewa, ili mfanyabiashara awe na njia halali. Halmashauri zetu hujenga masoko yenye vizimba, vyoo na maegesho. Chumba cha kuivishia chenye ethilini, kipimajoto na feni ya kuingiza hewa safi kiwekwe kwenye ramani tangu mwanzo, mchuuzi alipie kwa tenga kama anavyolipia ushuru. Na afisa ugani aanzie shambani, amwonyeshe mkulima namna ya kutambua mkungu uliokomaa: vidole vimejaa, pembe zake zimeanza kulainika. Mkungu kama huo ukifika sokoni hauhitaji kabaidi hata chembe.