Kompyuta ya Kuzamia: Madai Sita na Majibu Yake

Vijana wengi wa Nungwi, Kendwa, Diani na Watamu wanaishi kwa kuzamia. Wanaongoza wageni kwenye matumbawe, wanafundisha, wanajaza mitungi ya hewa. Wengi wao hudunduliza fedha kwa miezi ili wanunue kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi, na kila anayedunduliza hakosi washauri. Baadhi ya ushauri huo una ukweli nusu. Mwingine unaweza kumlemaza mtu. Nayajibu hapa madai sita yanayorudiwa sana.

Dai la 1: “Kiongozi wetu anayo, tukimfuata yeye inatosha.”

Haitoshi. Kompyuta hupima mgandamizo wa maji na muda, kisha hukadiria nitrojeni (gesi ya hewani inayoweza kuleta ugonjwa wa mgandamizo) iliyoingia mwilini mwa yule aliyeivaa, si mwilini mwa mwenzake. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban baa moja, kwa hiyo kwenye mita 30 unavuta hewa yenye mgandamizo mara nne ya ule wa juu. Katika jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mbizi ya kwanza ya siku inaruhusiwa dakika 29 kwenye mita 25, lakini dakika 20 tu kwenye mita 30. Kwenye kuta za matumbawe za Pemba, ambako sakafu haionekani, mgeni anayemfuata kasa huteremka mita tano chini ya kiongozi wake bila kujua. Hapo hesabu zao zimeshaachana. Tena huenda wewe ulizama asubuhi naye hakuzama. Kompyuta haitumiwi na wawili, wala haiazimwi katikati ya siku, kwa sababu inabeba kumbukumbu ya nitrojeni ya mtu mmoja.

Dai la 2: “Saa yoyote iliyoandikwa mita 200 inafaa.”

Namba hiyo inaeleza uimara wa kasha dhidi ya maji. Haisemi chochote kuhusu nitrojeni. Zipo saa janja ambazo kweli ni kompyuta za kuzamia: Garmin Descent ni mojawapo, na Apple Watch Ultra inaweza kufanya kazi hiyo hadi mita 40 ikiwa na programu ya Oceanic+. Lakini usinunue kwa kutazama umbo. Muuzaji akikuonyesha alama ya EN 13319, ujue kwamba kiwango hicho cha Ulaya kinahusu usahihi wa kupima kina na muda tu. Hakithibitishi hesabu ya dekompresheni, yaani ya kutoa nitrojeni mwilini unapopanda. Muulize swali moja: je, nikiwa chini ya maji, inanionyesha dakika zilizobaki kabla sijalazimika kusimama njiani nikipanda? Kama haionyeshi, hiyo ni saa tu.

Dai la 3: “Ya bei kubwa ndiyo salama zaidi.”

Hesabu ya ndani haipandi ubora kwa kadiri ya bei. Mwaka 1908 John Scott Haldane, aliyefanya majaribio kwa mbuzi, alichapisha majedwali kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza akiugawa mwili katika makundi matano ya tishu, kila kundi likipokea na kutoa nitrojeni kwa kasi yake. Albert Bühlmann wa Zürich, Uswisi, aliendeleza wazo hilo hadi makundi 16. Hesabu yake imo katika kompyuta za bei ya kati na za bei kubwa vilevile, na kampuni nyingine hutumia hesabu za aina tofauti, kama RGBM.

Fedha za ziada hukununulia skrini ya rangi, dira, uwezo wa kubadili mchanganyiko wa hewa njiani, na kipokezi cha kusoma mtungi bila mpira. Ni vitu vizuri kwa anayevihitaji. Anayezama kwa mtungi mmoja hadi mita 30 anahitaji zaidi tarakimu kubwa zinazosomeka haraka, vitufe vinavyobonyezeka vizuri na uwezo wa kuwekwa kwenye naitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni. Hata ukinunua inayosoma mtungi, usiiondoe geji ya kawaida. Mawasiliano yakikatika, geji ndiyo itakayokuambia hewa iliyobaki.

Dai la 4: “Inayobana dakika ni mbovu, nzuri ni ile inayokuacha chini muda mrefu.”

Hili ndilo dai ninalolipinga kwa nguvu zote. Kompyuta mbili zinaweza kuwa na hesabu ileile zikatoa dakika tofauti kwa sababu zimewekewa tahadhari tofauti. Ukiona 40/85 kwenye mipangilio ya tahadhari, ile 85 ina maana kwamba unapofika juu, mgandamizo wa ziada katika tishu hautakiwi kuvuka asilimia 85 ya kile ambacho Bühlmann alikiweka kuwa ukomo. Ukiweka 95, unajipa dakika na kujipunguzia nafasi ya usalama. Kompyuta haikukupa zawadi yoyote.

Kwa anayezama mara moja kwa mwaka, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kijana anayezama na wageni asubuhi na mchana, siku baada ya siku, tishu zinazotoa nitrojeni polepole hazipati muda wa kupumzika. Huyu ndiye anayehitaji kompyuta inayobana, na huyu ndiye anayeambiwa ainunue ile inayolegeza ili wageni wasilalamike. Chagua inayokuruhusu kuongeza tahadhari, kisha uiongeze.

Dai la 5: “Ukiifuata skrini, huwezi kuumia.”

Wapo walioumia bila kuvuka ukomo wowote. Kompyuta haijui kwamba hukulala, hukunywa maji, una umri mkubwa au ulipambana na mkondo. Haijui umepandisha nanga mara tu baada ya kutoka majini. Inakuonya ukipanda kwa kasi inayozidi takriban mita 9 au 10 kwa dakika, na inakuhesabia dakika tatu za kusimama kwenye mita 5, lakini kutii ni kazi yako.

Vivyo hivyo kuhusu ndege. Mapendekezo ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Anayezama Pemba asubuhi na kupanda ndege ndogo ya Unguja jioni anakiuka mapendekezo hayo, hata kama kompyuta yake haikulia hata mara moja. Apande boti.

Dai la 6: “Ya mtumba ni kutupa pesa.”

Si lazima. Kompyuta rahisi iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko kutokuwa nayo. Ikague: fungua mfuniko wa betri uone kama kuna kutu ya chumvi, bonyeza kila kitufe, washa uone kama inasoma sifuri juu ya maji. Kisha izamishe sambamba na kompyuta nyingine inayoaminika, ukitegemea ile nyingine, ulinganishe kina. Pendelea inayotumia betri ya sarafu unayoweza kuibadilisha mwenyewe, na ununue mpira wa kuziba pamoja na betri. Ikishindwa hata jaribio moja kati ya hayo, iache.

Hukumu yangu ni hii: kompyuta inayofaa ni ile unayoweza kuisoma kwa kutupa jicho, unayoielewa hadi ukurasa wa mwisho wa kitabu chake, na unayoitii hata mgeni akikuonyesha ishara ya kutaka kubaki. Nanyi wenye vituo vya kuzamia, vyumba vya kutibu ugonjwa wa mgandamizo katika pwani yetu ni vya kuhesabu kwa vidole. Mpeni kila mgeni na kila mfanyakazi kompyuta yake kabla hajaingia majini.