Nguvu za akina mama si ghala la bure

Mgeni wa serikali anapotarajiwa kijijini, mtu wa kwanza kupelekewa habari baada ya mwenyekiti wa kijiji ni kiongozi wa kikundi cha akina mama. Anaelezwa kwamba msafara utawasili saa nne asubuhi, kwamba akina mama wavae sare zao na watayarishe nyimbo mbili au tatu, na kwamba chakula cha wageni kiwe tayari adhuhuri. Ni mara chache kuulizwa kama siku hiyo inawafaa, na mara chache zaidi kuulizwa kuni zitatoka wapi. Msafara ukichelewa hadi alasiri, akina mama watakuwa wamekwisha kusimama juani nusu siku, na hotuba itakayosomwa itawashukuru kwa neno moja tu: kujitolea.

Neno hilo ni zuri, tena lina heshima yake katika historia ya nchi hii. Ndiyo sababu halifai kuachwa litumike ovyo. Lisekese, huko Masasi, ni mahali pazuri pa kulipimia neno hilo. Si kwamba Lisekese ina kasoro kuliko kwingine. La hasha. Ni kwamba maisha ya sehemu zile, tangu Masasi bondeni hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, yanaonyesha waziwazi kujitolea kwa akina mama hutoka wapi, na ni nani hasa anayefaidi matunda yake.

Wamakua, Wayao na Wamakonde ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika jamii za namna hiyo wanawake hawakungoja kufundishwa na ofisi yoyote namna ya kukusanyika na kugawana kazi. Msiba unapotokea, hakuna anayepiga mbiu ya kutafuta wapishi: mmoja huja na kuni, mwingine na unga, wa tatu hushika ndoo, na wazee wao hujua nani akae na mfiwa. Mzazi anapojifungua, yupo wa kumpikia uji na yupo wa kumchotea maji. Unyago nao ulikuwa shule yenye walimu wake, taratibu zake na michango yake. Hayo yote yalikuwa kujitolea kabla neno lenyewe halijaingia katika taarifa za maendeleo, na yalikuwa na sharti moja kubwa, nalo ni kwamba anayesaidia leo anajua atasaidiwa kesho.

Utawala wa kikoloni ulipoleta vilabu vya wanawake, ulikuja na sharti jingine. Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1951 chini ya uongozi wa mke wa Gavana Twining, lilifundisha kushona, kupika na kulea watoto. Hayakuwa mambo mabaya, na wapo wanawake wengi walionufaika nayo. Lakini mwanamke alitazamwa humo kama mwanafunzi asiyejua kitu, si kama mwenye kauli. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1955, pale Bibi Titi Mohamed alipoongoza sehemu ya wanawake ya TANU. Yeye hakuanza na vilabu vya kushona. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambako wanawake walikuwa tayari wana viongozi wao, mifuko yao na uaminifu wao. Nguvu iliyozaliwa humo ilitikisa nchi. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na chama kipya kilipozaliwa mwaka 1977 ukawa Umoja wa Wanawake wa Tanzania.

Kikundi cha akina mama, basi, kinaweza kuwa chombo cha wanachama wenyewe, au kikawa mkono wa ziada wa ofisi. Kwa nje vinafanana: sare ni zile zile, nyimbo ni zile zile, daftari la mahudhurio ni lile lile. Tofauti yake huonekana pale tu kikundi kinapotaka kusema hapana.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote katika nchi, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Maneno hayo yamesomwa katika semina nyingi, lakini ni watumishi wangapi wanaoyakumbuka wanapopanga ratiba? Mtu mwenye saa 14 za kazi hana akiba ya muda. Kila saa anayoitoa kwa kijiji ameikata mahali: katika palizi, katika usingizi wake, au katika malezi ya mtoto.

Habari ya maji peke yake yatosha kulithibitisha jambo hilo. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua hunyesha ikanywewa na ardhi, na chemchemi hutokea chini mabondeni. Kwa vizazi vingi mwanamke wa Newala aliteremka magenge na kuyapanda tena akiwa na mtungi kichwani, safari iliyoweza kula sehemu kubwa ya siku wakati wa kiangazi. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950 ulileta nafuu. Mwaka 1971 serikali ikaweka lengo kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na Finland ikasaidia kwa miaka mingi kujenga visima na mabomba katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa halijatimia. Pampu ikiharibika, bomba likipasuka, au dizeli ikiisha, aliyeziba pengo hilo kwa shingo yake alikuwa mwanamke. Hakuna aliyeiandika kazi hiyo kuwa ni mchango wa kujitolea.

Hilo la kuandika si jambo dogo. Katika ujenzi wa darasa au zahanati, taarifa huwa na safu ya nguvu za wananchi. Mawe yaliyosombwa huhesabiwa kwa tripu, mchanga vivyo hivyo, matofali kwa idadi. Maji ya kukorogea saruji, ambayo mara nyingi huletwa na wanawake, yanahesabiwaje? Na chakula cha mafundi? Na uji wa watoto wa shule unaopikwa na mama wa zamu aliyeacha jembe lake nyumbani? Kisichohesabiwa huonekana kuwa hakina gharama, na kisicho na gharama huagizwa bila kikomo. Mtumishi anaweza kuwa mwema kabisa, wala hana nia ya kumnyonya mtu, na bado akafanya hivyo kila wiki kwa sababu fomu aliyopewa haina mahali pa kuyaonyesha hayo.

Haifai kudhani kwamba dawa yake ni kuacha kujitolea. Nchi hii imekwisha kuona faida yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, maji na vyoo. Walimu ndio waliokuwa nguzo ya vikundi vingi. Watu walichimba vyoo vyao baada ya kuelewa sababu, na waliokwenda kusikiliza walirudi na kitu nyumbani. Kazi ile ilidumu kwa sababu anayejitolea na anayefaidi walikuwa mtu yule yule.

Kwa upande wa Kenya iko habari inayostahili kujulikana zaidi katika vikundi vya Mtwara. Huko Mraru, karibu na Voi, akina mama walichoshwa na mabasi yaliyofika kwao yakiwa yamekwisha kujaa siku za soko. Hawakungoja mpango wa wilaya. Walianza kuchanga, wakakopa kiasi kilichopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Faida yake ikawasaidia kujenga duka. Basi, kama vyombo vyote, lilichakaa, lakini haja waliyoitafutia dawa waliiona wao, na fedha zilikuwa mikononi mwao. Naye Wangari Maathai, alipoanza kazi ya kupanda miti mwaka 1977, aliweka utaratibu wa kuwapa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika. Hakuna aliyesema kwamba fedha hizo ziliua moyo wa kujitolea. Ziliheshimu muda wa mtu maskini.

Serikali ya Tanzania yenyewe imekwenda njia hiyo katika afya. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wanawake, walitembea nyumba kwa nyumba wakitegemea posho ya mradi, ambayo mradi ukifungwa nayo hufungwa. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wakiwa na mafunzo na malipo. Huko ni kukubali kwamba huduma ya kudumu haiwezi kuegemezwa juu ya mabega ya mtu asiyelipwa. Jambo lililokubaliwa kwa afya litakuwaje geni linapotajwa jiko la shule?

Iko hatari nyingine, ambayo imeingia kwa mlango wa kheri. Mwaka 2018 iliwekwa kisheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Ilivurugwa na vikundi hewa na madeni yasiyorudi, mikopo ikasimamishwa Aprili 2023, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini jambo moja halijazungumzwa vya kutosha. Kikundi cha huduma na kikundi cha mkopo si kitu kimoja, na kuvichanganya huua vyote viwili.

Katika kikundi cha huduma, mjane asiye na kitu yu sawa na mke wa mwalimu, kwa kuwa mchango ni mikono na kila mtu anayo. Katika kikundi cha mkopo kipimo ni hisa na marejesho. Kikundi kilichozoea kuosha wagonjwa na kufagia zahanati kikiambiwa kijisajili ili kikope, yule mjane ndiye wa kwanza kukaa pembeni, kwa kuwa hataki kuwa mzigo kwa wenzake. Mmoja akishindwa kulipa, ugomvi wa deni huingia mpaka msibani, na wale waliokuwa wakipikiana sasa hawasalimiani. Halafu afisa hushangaa mbona moyo wa kujitolea umepungua kijijini! Wanaotaka kukopa wasaidiwe waunde kikundi chao, wenye mradi wanaouelewa. Kikundi cha huduma kiachwe na kazi yake, wala kisifanywe ngazi ya kumfikisha mtu kwenye fomu ya mkopo, wala mkopo usifanywe chambo cha kuwafikisha akina mama kwenye mapokezi.

Lawama zote zisitupwe kwa maafisa. Wapo viongozi wa vikundi, wanawake kwa wanawake, wanaopenda kuonekana mbele ya wageni kiasi kwamba hukubali kila wito bila kuwauliza wenzao. Wapo pia waume ambao mkutano wa kikundi wa saa moja huwakera, ila ngoma ya siku nzima ya kumpokea mkubwa haiwakeri hata kidogo. Hata hivyo mwenye kalamu na muhuri ndiye mwenye uwezo wa kuanza kuurekebisha mwenendo huu, na katika kata nyingi mwenye kalamu ni mtendaji, ofisa maendeleo ya jamii au mwalimu mkuu.

Kwa mwalimu ni rahisi kuliko anavyodhani. Anapotaka akina mama waje kukandika jiko la shule, hana budi kuwaendea katika mkutano wao, si kuwatumia watoto na karatasi. Aulize siku gani wanayo nafasi. Aseme baba zao watafanya sehemu gani, maana ukuta haukandikwi kwa maji peke yake. Na kazi ikiisha, saa zao ziandikwe katika kitabu cha shule kama yanavyoandikwa mawe, ili kamati inayokuja ijue jiko lile lilijengwa kwa nini. Mtendaji naye, anapopokea simu ya msafara, anaweza kumwambia aliyempigia kwamba chakula kina bei, na bei yenyewe ni hii.

Kule Lisekese, Oktoba ikifika, msimu wa korosho huwa umekwisha kuanza. Huokotwa moja moja chini ya mikorosho, hutenganishwa na mabibo, huanikwa, huchambuliwa. Zikiachwa zikanyeshewa na mvua za kwanza, zinashuka daraja na bei inashuka pamoja nazo. Siku moja ya mama wa kuokota ni fedha ya ada, ya daftari, ya chumvi ya miezi ya Januari na Februari wakati ghala la nyumbani limekuwa jepesi. Afisa anayepanga ziara ya mwezi huo akiandikie kikundi barua mapema, na katika barua hiyo aache nafasi ya jibu, hata kama jibu lenyewe litakuwa kwamba wiki hiyo akina mama wako shambani.