Kishikwambi Kimoja, Darasa Zima

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu wa shule za umma vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Kwa hiyo mwanachuo anayekwenda leo katika mazoezi ya kufundisha hawezi kusema kwa wepesi kwamba teknolojia haijafika shuleni. Swali lililobaki ni gumu zaidi: imefika mikononi mwa nani?

Hivi karibuni nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya Kariakoo, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha. Alikiinua kishikwambi, akaonyesha picha ya kompyuta na kutaja sehemu zake, nao watoto wakazikariri. Sisi tulioketi nyuma hatukuona picha. Tuliona mng'ao tu. Watoto wanaochezea simu za wazazi wao hawakujifunza jipya. Wasio nazo walitoka kama walivyoingia. Somo la namna hii haliondoi pengo baina ya watoto hao, bali hulipanua.

Wapo wasemao kwamba tungoje hadi kila mtoto apate kifaa chake. Siafiki. Tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Hapakuwa na redio kwa kila mtu. Palikuwa na kikundi, redio moja, kijitabu, na kiongozi aliyefunzwa. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walisikiliza na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Redio peke yake isingeyafanya hayo. Yalifanywa na mazungumzo na kazi vilivyofuata.

Kwa fikra hiyo tulilipanga upya somo letu. Watoto waligawanywa katika vikundi vya watano watano, wakaulizia bei za vyakula sokoni walipokuwa wakirudi nyumbani. Kesho yake kila kikundi kilikokotoa jumla daftarini, kisha watoto wakaja mbele kwa zamu kuingiza bei hizo katika jedwali la kishikwambi. Msichana mmoja, ambaye hakuwahi kugusa kifaa hicho, aliandika bei ya fungu la nyanya 10,000 badala ya 1,000. Mashine ilijumlisha bila kusita. Wenzake ndio waliopiga kelele: "Mwalimu, nyanya haziuzwi hivyo!" Akaisahihisha kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo stadi za kisasa zilipofundishwa: kukusanya taarifa, kuzipanga, na kuihoji mashine pale jibu lake lisipolingana na mambo yalivyo. Mtoto wa Kariakoo anajua bei ya nyanya, mashine haijui.

Ndugu mwanachuo, unapoandaa somo, andika kwanza kile atakachokifanya mwanafunzi, ndipo uchague zana. Liandae somo liweze kuendelea hata umeme ukikatika. Tena weka orodha ya waliokwisha kukigusa kishikwambi, na uanze na wale wasio na kifaa nyumbani. Darasa la umma ndipo mahali pekee ambapo wengi wao watapata zamu. Mwalimu akikifungia kabatini, au akikitumia peke yake, amewanyima zamu hiyo.