Nyumba Zetu Tumezijengea Mwizi, Moto Tumeusahau

Pita mtaa wowote wa miji yetu, iwe Mbagala, Mwanza au Kisauni, utazame nyumba zinazomalizika kujengwa. Mwenyewe anaweza kuhamia bila dari, bila rangi, hata bila sakafu ya saruji, lakini hahamii bila nondo madirishani. Kisha huweka geti la chuma mbele ya mlango wa mbao, na juu ya geti kufuli. Simlaumu. Wezi wapo, na mtu aliyewahi kuchaniwa wavu usiku na kuibiwa hahitaji kuhubiriwa. Ninalolalamikia ni kwamba katika kumzuia wa nje asiingie, tumesahau kabisa kwamba wa ndani naye anaweza kutakiwa kutoka, tena usiku, gizani, na kwa haraka.

Mashuleni somo hili limekwisha kufundishwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1994 bweni la wasichana la Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku na kuua zaidi ya wasichana 40. Machi 2001 ikawa zamu ya Kyanguli, Machakos, ambako bweni la wavulana lilichomwa kwa makusudi na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Waliowasha moto walitenda uovu, na hilo halina mjadala. Lakini mlango uliofungwa na nondo zile havikuwekwa na waovu. Viliwekwa na watu wema waliodhani wanawalinda watoto.

Baadaye, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaosema waziwazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifungukie nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo ndani. Basi nauliza: ikiwa hiyo ni haki ya mtoto anapolala bwenini, kwa nini anaporudi likizo tunamlaza katika chumba chenye nondo ambazo hata baba yake hawezi kuzing'oa?

Tazama nyumba ya kawaida saa saba za usiku. Geti limefungwa, na ufunguo uko chini ya mto wa mama, au ndani ya mkoba, au kwenye mfuko wa suruali ya baba aliyesafiri. Watoto wanne wamelala chumba cha uani juu ya godoro la sponji, chini ya chandarua. Sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi, mzito, wenye sumu, na moshi huo huua kabla moto wenyewe haujamfikia mtu. Umeme nao mara nyingi huwa umeshakatika. Katika giza hilo mama atautafuta ufunguo, aupapase, umwanguke, autafute tena sakafuni, na kila anapovuta pumzi anazidi kuishiwa nguvu. Majirani wako nje na ndoo na mashoka, wanavuta nondo kwa mikono. Fundi aliyezichomelea alikuwa hodari, kwa hiyo hazitoki.

Dawa ya jambo hili haihitaji mkopo wa benki. Mwite fundi wa kuchomelea, katika kila chumba cha kulala akate kipande cha nondo kinachotosha mtu mzima kupita, akitie bawaba kifunguke, na komeo upande wa ndani. Ukimhofia mwizi, tia kufuli kwenye komeo hilo, na ufunguo uning'inie kwenye msumari ukutani, mbali na mkono wa anayepenyeza kutoka nje, lakini chini kiasi cha mtoto wa darasa la pili kuufikia. Ufunguo wa mlango mkubwa nao uwe na mahali pamoja pa kudumu, panapojulikana na kila anayelala humo, dada wa kazi na mgeni pia. Kisha wafundishe watoto: moshi ukijaa, watambae, kwa kuwa hewa ya kupumulia hubaki chini, wakitoka wakutane mahali pamoja, tuseme chini ya mwembe, wahesabiwe, na asirudi mtu ndani kufuata simu wala vyeti.

Najua watakaonijibu kwamba ajali haina kinga. Msemo huo unawafariji wafiwa, lakini ukitumiwa kabla ya msiba huwa ni uvivu. Moto mwingi wa nyumbani una mkono wa mtu. Ni nyaya zilizounganishwa na kishoka asiye na leseni. Ni ekstensheni moja inayobeba friji, pasi na jiko. Ni mshumaa uliosimamishwa juu ya meza kando ya chandarua. Ni mtungi wa gesi ambao mpira wake umepasuka, na mwenyewe anatafuta panapovuja kwa njiti ya kiberiti badala ya kupaka povu la sabuni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni; ukiisikia harufu, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya taa. Na mafuta yakilipuka kikaangoni, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwage maji, kwani huyarusha mafuta yakiwaka hadi kwenye pazia.

Kwa ndugu zetu wa vijijini, hasa Mufindi, Njombe na kwingineko kwenye mashamba ya miti, kiangazi kina hatari yake. Mtu anaandaa shamba, anawasha nyasi saa sita mchana upepo ukivuma, na jioni kijiji cha pili kinalia. Oktoba 2020 moto ulipoushika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu walihangaika nao kwa siku kadhaa, na mlima ule una askari wa hifadhi wanaoulinda mwaka mzima. Mkulima aliye peke yake na tawi bichi mkononi atauweza? Nyasi ndefu na kuni zilizorundikwa ukutani ziondolewe kabla ya Juni, barabara ya kuzuia moto ilimwe kuzunguka shamba na nyumba, na anayetaka kuchoma aombe ruhusa ya kijiji, awaite majirani, achome asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania hupatikana kwa namba 114. Ipigieni mara moja moto unapotokea, na muiandike mlangoni kwa herufi kubwa. Lakini gari litoke kituoni, lipenye foleni, lifike kwenye uchochoro tulioujengea pande zote mbili. Dakika hizo zote wewe na wanao mko peke yenu. Kwa hiyo nakusihi, msomaji wangu, usiku wa leo kabla hamjalala, zima taa zote, mwambie mtoto wako mdogo aliyefika umri wa kufungua kufuli atafute ufunguo na afungue mlango gizani. Akishindwa, kesho asubuhi mwite fundi.