Kidude Si Jina

Jumapili moja kijijini Samuye, mkoani Shinyanga, mpwa wangu alirejea kutoka kwenye uwanja wa shabaha. Yeye hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita, na ana kibali cha kumiliki bastola fupi. Aliielekeza pasipo na mtu, akachomoa magazini, akavuta nyuma sehemu ya juu inayoteleza, akaikagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Alipohakikisha haina risasi, aliifungua juu ya kitambaa.

“Mjomba,” akasema, “hiki kidude kimeharibika.”

Kidude kipi? Kimeharibikaje? Hakuweza kueleza, na fundi aliyempigia simu aliuliza mara tatu asipate jibu.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Sikubaliani nao. Tunayo mtutu, kasiba, kitako, nyundo, fataki na ganda la risasi. Tena tunavyo vitenzi vya uchakavu, hazina tunayoisahau: springi hulegea, ukucha unaong’oa ganda hulika au humeguka, chuma hupata ufa, mtutu huota kutu. Kila kitenzi kina hukumu yake. Mng’ao wa msuguano mara nyingi ni jambo la kawaida. Springi iliyolegea hubadilishwa. Bastola yenye ufa haipigwi tena mpaka fundi aione. Neno “kuharibika” huyameza yote hayo.

Tukakitazama kidude pamoja. Kilikuwa springi ya kurudishia. Katika bastola fupi springi hiyo hubanwa mahali padogo, basi huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Dalili mojawapo ni hiyo sehemu ya juu kushindwa kurudi kikamilifu baada ya risasi kutoka, na hivyo ndivyo ilivyotokea uwanjani. Mpwa wangu akapiga simu tena: “Springi ya kurudishia imelegea.” Fundi akaelewa papo hapo.

Mwaka 2021 Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ni hatua njema. Lakini kijitabu alichopewa mpwa wangu pamoja na bastola yake hakina hata sentensi moja ya Kiswahili. Ajabu gani hii, sheria ya silaha imwulize mtu kwa lugha yake, na silaha yenyewe imwonye kwa lugha asiyoijua?

Msomaji ataniuliza: je, washairi wana haja gani na bastola? Kutaja si kusifu. Wahenga wetu wa pwani walikipa kila kiungo cha jahazi jina, mkuku hata foromali, kwa kuwa baharini asiyeweza kutaja kilichopasuka huzama nacho. Wenye kamusi na wenye kalamu, tukae na mafundi tukusanye maneno yao. Kidude si jina, na kisicho na jina hakikaguliwi.