Amana Iliyomo Katika Kompyuta ya Nyumbani

Jioni umeme unaporejea baada ya mgao, watoto wa mtaa wetu hapa Mangobo hupiga ukelele ambao hupokewa nyumba hata nyumba mpaka ukafika barabara kubwa, na kabla ukelele huo haujatulia, friji, pasi, redio na kila kilichosahauliwa ukutani huanza kunywa kwa pamoja. Na ni katika dakika hizo chache, ambazo kwa wengi wetu ni dakika za faraja, ndipo kompyuta nyingi za Kisangani hufikwa na ajali zake. Umeme wetu hutoka katika maporomoko ya mto Tshopo, penye bwawa lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo mno kuliko huu wa leo, na mashine iliyoundwa kula volti 220 hupewa mara pungufu, mara zaidi, kama mgonjwa anayelishwa na wauguzi wawili wasiosikilizana.

Nimesoma makala nyingi za wageni juu ya usalama wa kompyuta, na aghalabu huanza na wezi wa mbali wanaovizia katika intaneti. Sikatai kwamba wezi hao wapo. Walakini mwandishi aishiye hapa akianza na hao atakuwa amemruka adui aliye mlangoni, naye ni waya. Kwa sababu hiyo nitasema neno ambalo wauza programu hawatalipenda: mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, baina ya programu ya kukinga virusi na kile kisanduku cha kusawazisha umeme ambacho mafundi wetu hukiita stabilizatere, na anunue kisanduku, maana Windows ya siku hizi huja na mlinzi wake, Defender, bila ya malipo, naye akiachwa afanye kazi yake huzitosha nyumba nyingi, ilhali hakuna programu duniani iwezayo kuiponya diski iliyoungua. Na asiye na fedha hata ya kisanduku ana mkono wake: umeme ukikatika, achomoe, ukirudi, asichomeke mpaka taa iwe imetulia bila ya kupepesa kwa muda wa dakika kumi.

Adui wa pili huingia kwa heshima zote, akiwa mfukoni mwa mgeni. Siku moja kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, alikuja na flashi yake apate kuchapa sura ya mwisho ya tasnifu, akasimama mlangoni uso umemsawijika.

"Papa, kazi yangu yote imekuwa mishale."

Nikatazama, na kweli ilikuwa hivyo: kila folda ilikuwapo kwa jina lake, lakini pembeni mwake pana kimshale kidogo, na uzito wake ni kilobaiti mbili, nami nikajua kwamba kurasa 90 zenye picha na majedwali haziwezi kuenea katika kilobaiti mbili. Rafiki zake walikuwa wamekwisha kumshauri aifute flashi yote aanze upya. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Kirusi cha namna hiyo hakiharibu kitu; huzificha folda za haki kwa kuzitia alama ya siri, kisha huweka badala yake vivuli vyenye majina yaleyale, ili mwenye mali abonyeze kivuli na kwa mkono wake mwenyewe amfungulie mwizi. Tulikisafisha kirusi, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika attrib na zile herufi za kuondoa alama, na folda zikajitokeza moja baada ya moja, na kijana akaketi chini sakafuni kama aliyeshushwa mzigo.

Lau hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa wake. Lakini jioni ile nilipima mashine yangu mwenyewe nikakikuta kirusi kilekile kimestarehe humo, nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia kijana yule alikuwa ameichomeka flashi yake kwangu; na nilipochunguza zaidi nikaona kwamba Defender yangu ilikuwa imezimwa, nami ndiye niliyeizima, siku nilipotaka kutumia programu ya kuandikia bila ya kuilipia, na ile programu ndogo ya kuvunja kufuli ikanitaka kwanza nimwondoe mlinzi langoni. Hebu tafakari ujinga ule: mgeni nisiyemjua anabisha usiku, ananitaka nimfunge mbwa kabla hajaingia, nami namfunga! Tangu siku ile naandika kwa LibreOffice, ambayo ni bure na ya halali, na sioni nilichopungukiwa.

Wako watu wa heshima mjini humu wanaosema kwamba kompyuta yao haijapata kuonana na intaneti, kwa hiyo haiwezi kudhurika. Hao ningewakumbusha mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz huko Uajemi, ambayo ilikuwa imetengwa na intaneti kwa makusudi, na kirusi kilichojulikana mwaka 2010 kwa jina la Stuxnet kikawa na uwezo wa kusafiri ndani ya flashi hadi katika mashine zilizotengwa, kikaharibu vyombo vya chuma. Ikiwa hao hawakusalimika, sembuse mimi na wewe tunaopeana flashi kama tunavyopeana kiberiti.

Hapa nafika penye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni desturi yetu ya kuzuia masasisho. Sababu yake naielewa: intaneti tunainunua kwa vipimo, megabaiti kwa megabaiti, na mtu aliyeona kifurushi chake cha wiki kimekwisha usiku mmoja bila ya yeye kufungua hata picha moja, hulazimika kuiambia Windows kwamba muunganisho wake ni wa kulipia kwa kipimo, nayo Windows hutii na kuacha kupakua sehemu kubwa ya viraka. Lakini tazama kilichotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilohilo, kikafunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi takriban 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Dawa ilikuwapo; walioathirika ni wale ambao hawakuinywa.

Rai yangu ni kwamba mzigo huu si wa kila nyumba peke yake. Viraka hivyo Microsoft huviweka pia katika ghala lililo wazi, ambamo mtu aweza kuchukua kimoja mara moja tu, akakitia katika flashi safi, akaviganga nacho vyombo hamsini visivyo na senti moja ya intaneti. Na orodha za virusi wapya ambazo Defender huzihitaji huchukuliwa kwa namna hiyohiyo. Kwa nini basi Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho kimekuwa kikisomesha tangu mwaka 1963, kisiwe na meza moja ambapo mwananchi huja kila mwezi kupokea viraka? Na wenye maduka ya kuchapa pale Makiso, ambao mashine zao hupokea flashi za mji mzima, wangepata sifa na wateja kwa kuandika mlangoni kwamba hapa flashi husafishwa kabla ya kuchapwa. Fauka ya hayo, msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu zinazotufikia hazikubaliwi na Windows 11. Wenye mashine hizo watahitaji mtu wa kuwaonyesha mfumo wa Linux Mint, ambao huzungumza Kifaransa na hukimbia vizuri katika mashine za miaka kumi.

Juu ya uzito na uvivu wa mashine sina mengi: pangusa feni kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, usiiweke kompyuta juu ya godoro, na ikiwa bado ina diski ya zamani inayozunguka, fedha ya kununulia diski ya SSD ni bora kuliko fedha ya kununulia mashine nyingine.

Kulitia neno amana katika kichwa cha makala haya kuna sababu yake. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na katika madhara hayo mna yale ya siku sita za Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana kwa mizinga katikati ya mji huu usiokuwa wao. Tangu hukumu ile watu huja kwangu na picha zilizokunjamana, vyeti vya vifo, hati za viwanja zenye alama za maji, ili nizipige picha na kuzihifadhi kama amana. Mama mmoja ana karatasi moja tu yenye jina la mumewe. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, itamwadhibu mwenye kuiingilia kompyuta ya mwenziwe kwa hila, na ni vyema. Lakini hakimu hana uwezo wa kuirudisha karatasi ile.

Kwa hiyo nakala ya kwanza imo katika kompyuta yangu, na ya pili imo katika diski ya nje ambayo haichomekwi ila wakati wa kunakili, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili hufunga na diski iliyoachwa imechomekwa. Diski hiyo haikai Mangobo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi naifunga katika mfuko wa plastiki, nauvaa ndani ya shati, navuka mto Kongo kwa mtumbwi wa injini hadi Lubunga kwa dada yangu, ambako kompyuta ya mwanawe hufungua faili mbili tatu ili nijue kwamba kilichomo kinasomeka, kisha inarudi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Mwezi uliopita dada aliniuliza ni lini atautumia mkebe wake. Nikamwambia mchele nitamletea mwingine, mkebe anisamehe.