Nyimbo za Misa: Ni Nani Mwenye Kuimba?

Ugomvi uliozuka katika parokia nyingi za kwetu juu ya nyimbo za misa, wazee wakinung'unika kwamba vijana wameigeuza nyumba ya Mungu kuwa ukumbi wa dansi, na vijana wakijibu kwamba nyimbo za wazee huwalaza watu usingizi kabla mahubiri hayajaanza, ni ugomvi ambao kwa rai yangu umeshikwa mkiani. Maana pande zote mbili hubishana juu ya ukale na upya, na hakuna aulizaye kama waumini walioketi mabenchini wanaimba au wamefumba vinywa.

Nianze na sisi wazee, kwa kuwa ni adabu mtu kufagia kwake kwanza. Nyimbo tunazozililia kana kwamba zilishuka na Musa kutoka Sinai, aghalabu ni mahadhi ya Ulaya ambayo mapadre wamisionari, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na wenzao waliowafuatia bara, waliyavika maneno ya Kiswahili. Walifanya kazi ya sifa, Mungu awalipe. Lakini mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yale, yaliyotungwa kwa lugha ambazo maneno yake mengi humalizikia kwa kishindo, hayakuwa na habari na mkazo huo. Basi tukazoea tangu utotoni kulisukuma jina la Mungu hata uzito ukaangukia "ngu", na la Bwana hata likaelemewa na "na", masikio yetu yakafa ganzi, na leo kasoro hiyo ndiyo tunayoiita utamu wa zamani.

Ama kuhusu ngoma, ni kweli kwamba Papa Pio wa Kumi aliikataza kanisani katika waraka wake wa mwaka 1903. Ila mzee mwenzangu anayeutegemea waraka huo aujue wote, kwa sababu piano ilikatazwa mumo humo, tena ikatajwa kabla ya ngoma. Miaka sitini baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, mambo mengine yakiwa sawa, na papo hapo ukaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misioni ustahiwe na upewe mahali pake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwana wa Tanganyika, alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo anayedai kuwa ngoma ni uzushi wa vijana wa leo amechelewa sana.

Tena mtazameni bibi kizee asiyejua kusoma, katika kigango ambako hakuna ila ngoma moja na kayamba: kiongozi hutoa, umati hupokea, na yule bibi mara ya pili tu amekwisha kuushika wimbo. Kuitikizana huku ni urithi wetu wa shambani na msibani, na ndiyo njia ambayo Kanisa la kale liliimba zaburi. Roma na kijiji, kumbe, walikuwa majirani siku zote.

Sasa nanyi vijana, msishangilie mapema. Kinanda cha umeme, chenye mdundo uliokwisha kutiwa ndani na kiwanda, mdundo uleule uliochezewa harusi usiku wa Jumamosi, hakikupewa ruhusa na Mtaguso kwa jina la Uafrika, kwa maana Uafrika wenyewe haumo ndani yake. Mwaleta wimbo mpya kila Jumapili, wa sauti nne na madoido, ambao mmeufanyia mazoezi mwezi mzima nasi twausikia kwa mara ya kwanza. Utukufu mwaukatakata na kuuongezea maneno yenu, Mtakatifu mwaurefusha hata padre husimama altareni akingoja kama abiria. Na kipaza sauti kimewekwa juu kiasi kwamba mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe, akaona heri anyamaze. Maagizo ya Roma ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu hayakuipendelea kamwe desturi ya kuiachia kwaya nyimbo zote na kuwatenga waumini kabisa, nayo yaliandikwa wengi wenu hamjazaliwa.

Siombi kwaya zivunjwe, hasha. Kwaya njema hubeba sauti za wanyonge, na kuna mahali, kama baada ya komunyo, ambapo ni haki yake kuimba peke yake nasi tukasikiliza kwa kutulia. Ninaloomba kwa walimu wa kwaya ni dakika kumi kabla ya misa, kinanda kikiwa kimezimwa, watufundishe kiitikio cha zaburi ya siku na wimbo mmoja, kisha wimbo huo usibadilishwe mpaka upite walau mwezi. Mimi nitakuwa benchi la nyuma, upande wa nguzo, na sauti yangu hii ya chura.